Kompyuta ya Mzee Vibao

Kila siku baada ya masomo, Chiriku hakwenda moja kwa moja nyumbani. Mama yake alikuwa muuguzi na alirudi jioni, kwa hiyo msichana huyo alivuka barabara, akapita duka la viatu na kinyozi, akaingia katika karakana ya shangazi yake. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Mtaani kila mtu alimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta. Kwa miaka mingi alikuwa akitengeneza kompyuta za kampuni moja kubwa, ambayo ndiyo iliyomleta katika mtaa ule na kumpa vipuri. Ndani ya karakana mlinuka vumbi na waya zilizopata moto. Nyuma ya kaunta palikuwa na rafu mbili: ya kijani kwa mashine zilizopona, na nyekundu kwa zile zilizoshindikana. Chiriku alifuta vumbi, alifunga vikaratasi vyenye majina ya wenye mashine, na aliwakaribisha wateja kwa maneno mengi kuliko walivyohitaji.

Siku moja alipotoka shule aliona watu wamejaa mlangoni hadi kwa kinyozi. Kwanza alifurahi, akadhani kazi imeongezeka. Alipokaribia akasikia sauti zao, furaha ikamwisha.

Asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza kwamba kampuni ile kubwa inaacha kutengeneza kompyuta. Ingebaki na biashara zake nyingine, lakini kompyuta, basi.

"Mmetuuzia mbuzi kwenye gunia!" alifoka kijana mmoja wa chuo, amebeba laptopu kifuani kama mtoto mgonjwa. "Hii nimeinunua juzi tu, na leo imegoma kuwaka. Hata nailoni ya kioo sijaibandua!"

"Mimi sitaki maneno mengi," alisema mama mmoja mwenye duka la vitabu. "Kesho ikizima, nimpelekee nani? Nikuletee wewe, au nimfuate mkubwa wenu huko aliko?"

"Niletee mimi, dada yangu," shangazi alijibu kwa utulivu. "Hakuna kompyuta itakayozima kwa sababu ya tangazo. Kampuni haitengenezi mpya tena, lakini imesema vipuri vya hizi zilizopo itaendelea kuleta."

"Imesema! Na jana si ilisema inatupenda?"

Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko kichungu. Mtu mmoja akapiga kaunta kwa kiganja. Mwingine akaapa kwamba hatanunua tena kitu chenye nembo ile, hata kiberiti. Chiriku akapenya katikati yao, akaenda kusimama karibu na shangazi yake. Alizoea kuona watu wakija pale na wasiwasi na kuondoka wakishukuru. Hakuwahi kuwaona wakimkodolea macho shangazi kana kwamba ndiye aliyewaibia.

Mkali kuliko wote alikuwa Mzee Vibao. Huyu alikuwa mzee mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ambaye alitengeneza vibao vya maduka na ofisi. Alikuwa na mashine ya kukata herufi, na mashine hiyo ilielewana na kompyuta moja tu: ile yake kuukuu, ya kampuni ileile. Kompyuta mpya zote alizowahi kujaribu ziligoma. Siku chache kabla ya hapo kompyuta hiyo ilikuwa imekufa ghafla, akaileta kwa shangazi.

"Shikamoo, babu," Chiriku alimwamkia.

Mzee hakuitikia. Alimnyooshea shangazi kidole.

"Wewe ni kibaraka wa matapeli! Miaka yote hii unatuambia nunueni hizi, nunueni hizi, ndizo imara. Leo wamekimbia, na wewe bado unawatetea. Mwanamke mzima, huna hata haya! Unakula jasho la watu!"

Shangazi akaiweka bisibisi yake juu ya kaunta. Chiriku damu ikamchemka. Shangazi yake, ambaye jana tu aliacha kula chakula cha mchana ili amalize kazi ya mtu!

"Mzee wangu," shangazi akasema taratibu, "hasira yako naielewa. Nisubiri kidogo. Nampigia simu mtu wa vipuri, nimuulize mbele yenu wote, halafu nitakuhudumia."

Simu haikushika vizuri pale mbele, akaingia chumba cha nyuma. Watu wakaendelea kunung'unika. Mzee Vibao akaisogelea kaunta, akamwinamia Chiriku.

"Na wewe, mtoto. Kompyuta yangu iko wapi?"

Chiriku alijua vizuri ilipo. Ilikuwa kwenye rafu ya kijani, nyuma ya kasha la laptopu. Jana yake shangazi alikuwa ameifungua na kugundua tatizo, akabadilisha kipande kilichoungua, ikawaka kama mpya. Ilibaki kuikabidhi tu.

"Haikupona," Chiriku alisema.

"Unasemaje?"

"Haikupona, babu. Kampuni imeondoka, vipuri hakuna. Si umesema mwenyewe kwamba wamekimbia?"

Alingoja mzee afoke. Alikuwa ameshatayarisha majibu mengine mawili makali. Lakini Mzee Vibao hakufoka. Alisimama pale, mabega yake mapana yakashuka, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

"Basi bakini nayo," akasema kwa sauti ndogo. "Mkaizike."

Akageuka, akaondoka. Watu wakampisha.

Kwa dakika kadhaa Chiriku alijisikia mshindi. Amemlipizia shangazi kisasi! Haraka haraka akaitoa ile kompyuta kwenye rafu ya kijani, akaisukuma chini kabisa ya rafu nyekundu. Shangazi aliporudi, alitangaza kwamba mtu wa vipuri amethibitisha: vipuri vitaendelea kuja. Baadhi ya watu walitulia, wengine walisonya na kwenda zao.

"Mzee Vibao yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Ameondoka," Chiriku alijibu. Hilo halikuwa uongo, lakini aligeuka haraka akaanza kufuta kaunta.

Kesho yake ilikuwa siku isiyo ya shule, na Chiriku alifika karakana pamoja na shangazi asubuhi. Walikuta watu wengi kuliko jana. Safari hii hawakuja kuuliza. Walikuja kuchukua.

"Nipe laptopu yangu kama ilivyo," alisema kijana wa chuo. "Kuna mtu anazinunua kama chuma chakavu. Bora nipate chochote."

"Lakini yako uliyoniachia jana nimeifikisha katikati!" shangazi alishangaa. "Jana nimewaambia vipuri vipo."

"Wewe umesema vipo, na hapahapa kaunta mtu kaambiwa havipo. Tushike lipi?" Mama wa duka la vitabu aliweka mikono kiunoni. "Nilikuwa nimesimama pale, nimesikia kwa masikio yangu. Mzee Vibao mmemwambia mashine yake haiponi. Maskini, jana hiyohiyo ametafuta mtu wa kumuuzia mashine yake ya kukata herufi. Mnunuzi anakuja kuichukua leo asubuhi. Mtatuua kwa uongo wenu!"

"Waongo wakubwa!" mtu akadakia nyuma.

Shangazi alitazama rafu ya kijani, akaona pengo. Akatazama rafu nyekundu. Kisha akamtazama Chiriku.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema kwamba mzee hakusikia vizuri. Angeweza kusema alichanganya mashine. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo wa mbele tu waliisikia:

"Ni mimi. Kompyuta ya babu ilikuwa imepona. Nilimdanganya."

"Sema kwa sauti," shangazi akamwambia. "Hawa wote waliusikia uongo. Na ukweli wausikie wote."

Akarudia kwa sauti, machozi yakimlengalenga. "Shangazi hakujua. Nilimdanganya mzee kwa sababu alimtukana shangazi. Vipuri vipo."

"Mtoto gani huyu!" mama wa duka la vitabu akasema, akasonya msonyo mrefu. Hakuna aliyemwonea huruma. Kijana wa chuo akatikisa kichwa, lakini laptopu yake hakuiomba tena.

Shangazi aliifunga kompyuta ya mzee kwa taulo. "Nisubirini," akawaambia watu. "Anayetaka mashine yake nikirudi, nitampa." Kisha akampa Chiriku mzigo. "Beba wewe. Twende."

Walitembea mbiombio, shangazi mbele, Chiriku nyuma akihema, taulo likimteleza mikononi. Walipofika kwenye kibanda cha Mzee Vibao, walikuta gari dogo la mizigo limeegeshwa mlangoni. Wanaume wawili walikuwa wameinua mashine ya kukata herufi, wanaitoa nje. Sakafuni palikuwa pametapakaa vipande vya plastiki vya rangi, na ukutani kimeegemezwa kibao ambacho hakijaisha. Kiliandikwa ZAHA, kikaishia hapo.

"Babu, usiuze!" Chiriku alipiga kelele kabla hajafika.

Mzee Vibao aligeuka. "Mmekuja kunicheka?"

"Kompyuta yako ni nzima," Chiriku alisema, akiinyanyua. "Ilikuwa nzima tangu juzi. Nilikudanganya, babu. Nisamehe."

Mzee alimtazama, akamtazama shangazi, kisha akapaza sauti yake yote hadi wabeba mizigo wakasimama.

"Kwa hiyo nilikuwa nauza mkono wangu kwa ajili ya ulimi wa mtoto? Zahanati inasubiri vibao tangu wiki iliyopita! Usiku kucha sijalala! Huu ndio ufundi wenu?"

"Una haki ya kufoka," shangazi akasema. "Mtoto ni wangu, na kosa limetokea kwangu."

Mnunuzi, mtu mwenye kofia, akaingilia kati. "Mambo yenu hayanihusu. Tumeshakubaliana, mzee. Pandisheni, vijana."

"Umenipa kitu?" mzee akamuuliza. "Hujanipa. Basi rudisheni ndani."

Mnunuzi alilalamika, akasema amepotezewa asubuhi yake, akawaita wote wababaishaji. Lakini mashine ikarudishwa, na gari likaondoka likitimua vumbi. Mzee akaunganisha kompyuta. Ilipowaka, akabonyeza hapa na pale, na mashine ikaanza kunguruma na kukata herufi N. Mzee akashusha pumzi. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Kwa nini ulinifanyia hivi?"

"Ulimtukana shangazi yangu. Na yeye ndiye aliyeitengeneza."

Mzee akakuna kidevu.

"Nilimtukana, ndiyo," akasema. "Matusi yale hayakuwa ya kwako, fundi. Lakini kampuni yako sijaisamehe, na sitanunua tena kitu chao hata wanipe bure."

"Usinunue," shangazi akamjibu. "Mimi mwenyewe bado nina hasira nao. Habari nimeisikia redioni kama wewe."

Hapo mzee akacheka kidogo, bila kupenda. Akamwambia Chiriku ashike fagio, na Chiriku akafagia vipande vyote vya plastiki hadi kibanda kikang'aa, huku herufi za ZAHANATI zikikamilika moja baada ya nyingine.

Njiani kurudi, shangazi akamshika Chiriku bega.

"Jana nilikuwa nakutetea," Chiriku akasema.

"Najua. Na nilipotukanwa, niliumia. Lakini sikiliza, mwanangu. Mtu akija kwetu anatabasamu, tunamwambia ukweli. Akija anatukana, tunamwambia ukweli uleule. Ukweli si zawadi ya kuwapa tunaowapenda na kuwanyima waliotuudhi. Wale watu wana hasira kwa sababu hawajui wamwamini nani. Ukiwadanganya mara moja tu, hata mimi nikisema kweli, nani atanisikia?"

"Hakuna."

"Basi mdomo wako sikuzuii kuutumia. Utumie kusema kilichopo."

Karakana ilikuwa bado na watu mlangoni. Wachache walikuwa wameshaondoka na mashine zao, na shangazi hakuwalaumu. Waliobaki walianza kulalamika mara tu walipomwona. Bwana mmoja, ambaye Chiriku hakuwahi kumwona, alibwaga laptopu juu ya kaunta kwa kishindo.

"Nyie wezi! Hii itapona au haitapona?"

Chiriku alivuta pumzi, akachukua kikaratasi na kalamu.

"Sijui, baba," akasema. "Shangazi ataifungua aione, na atakachokikuta ndicho tutakachokuambia. Niandike jina gani?"