Nani Alisema Tabibu Ni Mwizi?

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kuosha sahani yake, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi aliyojipa mwenyewe. Alizoea kusogeza pembeni ramani za mama yake zilizojaa mezani, kufungua kompyuta kuukuu iliyokoroma kama mtu mwenye mafua, na kuingia kwenye Ukumbi wa Maswali. Huo ulikuwa ukurasa wa mtandaoni ambako watoto wapenda vitabu waliulizana na kujibiana.

Huko alijiita Profesa, na shuleni pia walimwita hivyo hivyo. Jina lilimkaa, kwa sababu neno "sijui" lilikuwa halijawahi kumtoka mdomoni. Ungemwuliza lolote kuhusu Treni ya Mwisho, hadithi ndefu ya vitabu kumi iliyowapagawisha watoto wa shule nzima, angekujibu kabla hujafunga kinywa. Kila jibu lililopendwa lilimletea nyota, naye alizitazama nyota zake kama mfugaji anavyotazama mbuzi wake wakirudi zizini.

Ila kulikuwa na jambo moja asilolisema. Profesa alikuwa amesoma vitabu sita tu. Vilivyobaki alivijua kupitia Kamusi ya Mashabiki, ukurasa mwingine ambao wapenzi wa hadithi hiyo walijiandikia habari za kila mhusika na kila tukio. Mtu yeyote aliruhusiwa kuandika humo: aliyesoma, aliyesimuliwa, hata aliyeota. Profesa alilijua hilo, lakini halikumkosesha usingizi. Kamusi ilikuwa na picha na vichwa vya habari vya rangi, na kitu kilichopambwa vizuri ni rahisi kukiamini.

Ijumaa moja mwalimu wa maktaba aliwaita wapenzi wa Treni ya Mwisho kuchagua watakaoiwakilisha shule kwenye mashindano ya usomaji. Wawili walipatikana mapema. Nafasi moja ilibaki, wakaigombea Profesa na Miwani. Miwani alikuwa mwanafunzi mwenzake darasani, mpole, mwenye miwani mizito iliyompa jina, na wakati wa mapumziko ungemkuta kwenye ngazi za maktaba akisoma.

Mwalimu akauliza swali la mwisho. "Katika kitabu cha tisa, treni iliondoka kituoni wakati wa mafuriko, lakini tabibu hakupanda. Kwa nini?"

Miwani alinyoosha mkono kwanza. "Alibaki na mtoto mwenye homa ambaye hakuweza kubebwa. Sanduku la dawa aliwapa abiria waende nalo."

Mwalimu alitazama karatasi yake, akatikisa kichwa. "Sivyo. Profesa?"

"Alitoroka na sanduku la dawa, mwalimu! Alikuwa msaliti tangu mwanzo!"

"Ndiyo jibu nililonalo."

"Lakini mwalimu, mimi kitabu nimekisoma," Miwani alisema. "Nilikisoma likizoni, kwa shangazi yangu. Tabibu hakuiba kitu."

Damu ilimchemka Profesa. Yaani mtu ameshindwa, badala ya kukubali anabisha? Akasimama hata kiti kikaanguka. "Umekisoma kwa macho gani hayo? Kila mtu anajua tabibu ni mwizi! Kamusi ya Mashabiki imesema, Ukumbi wa Maswali umesema, ujue wewe peke yako, una nini?"

Wenzao wakaangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha, akaeleza kwamba nakala ya shule ya kitabu hicho ilibanduka jalada, ikapelekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, ndiyo maana yeye alitafuta jibu mtandaoni. "Nimetazama sehemu mbili tofauti," alisema, "na zote zinakubaliana." Nafasi akapewa Profesa.

"Wakili wa mwizi!" kiranja wa darasa lao alimzomea Miwani, na wengine wakadakia.

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. "Siyo haki," alisema. "Mnamsingizia mtu mwema, halafu mwongo naitwa mimi." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Profesa alifika nyumbani na ushindi wake, lakini hasira ilikuwa bado haijamtoka. Mama yake, ambaye alikuwa mpima ardhi, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma akikwangua tope kwenye buti za kazini.

"Mama, kuna watu hawana haya!" Profesa alianza hata kabla ya kusalimia, akamwaga yote: swali, ubishi, kiti kilichoanguka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Hongera kwa kuchaguliwa, mwanangu. Sasa hicho kitabu cha tisa umekisoma?"

"Kamusi inasema..."

"Sijaiuliza Kamusi. Nimekuuliza wewe."

Profesa alitazama buti. "Bado."

"Mwenzako amekisoma?"

"Anasema amekisoma!"

"Basi kati yenu wawili, aliyefika uwanjani ni mmoja tu. Na hiyo Kamusi imeyatoa wapi?"

"Yameandikwa, mama!"

"Hata kwenye kuta za choo cha sokoni yameandikwa mengi," mama alisema, akaendelea kukwangua tope.

Hapo Profesa aliona ameonewa kabisa. Mama mzazi, badala ya kumtetea mwanawe, anamtetea Wakili wa Mwizi! Aliingia ndani akipiga miguu, akawasha kompyuta ili alete ushahidi na kumaliza maneno. Kamusi ilifunguka, na sentensi ilikuwapo: "Tabibu alitoroka na sanduku la dawa. Alikuwa msaliti tangu mwanzo." Mwisho wa sentensi palikuwa na kinambari kidogo cha buluu, cha kuonyesha habari ilitoka wapi. Profesa alikuwa ameviona vinambari hivyo mara nyingi bila kubonyeza hata kimoja. Safari hii akabonyeza.

Kompyuta ilikoroma, ikafikiri, kisha ikafungua Ukumbi wa Maswali. Mtoto fulani alikuwa ameuliza zamani kwa nini tabibu hakupanda treni. Chini yake palikuwa na jibu lenye nyota tele: "Alitoroka na sanduku la dawa. Alikuwa msaliti tangu mwanzo." Na chini ya jibu, jina la aliyejibu.

Profesa.

Alikumbuka vizuri. Siku ile alikuwa ametoka kumaliza kitabu cha sita, ambamo tabibu anafunga sanduku la dawa huku akigeuka kutazama nyuma. Swali lilipokuja alikimbilia Kamusi, akakuta bado hakuna aliyeandika habari za kitabu cha tisa. Badala ya kunyamaza akabahatisha, tena kwa maneno ya mtu aliyekuwapo. Mtu mwingine akalichukua jibu lake, akalitia kwenye Kamusi. Miezi ilipopita Profesa akalisoma humo, akafurahi kuona kumbe alibahatisha sawa! Sehemu mbili za mwalimu zilikuwa mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ulikuwa wake.

"Hawa watu wa Kamusi hawana akili!" alipiga kelele. "Unachukuaje maneno ya mtu bila kuangalia kama ni kweli?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, buti mkononi. Alisoma kilichokuwa kwenye kioo, akaelewa. "Na wewe uliangalia?" aliuliza kwa upole.

Profesa akazima kompyuta. Usiku ule alijilaza mapema. Wazo lilimjia kwamba akinyamaza hakuna atakayejua, kwa kuwa vinambari vya buluu havibonyezwi na mtu. Nafasi ingebaki yake. Lakini kila alipojaribu kulikumbatia wazo hilo, alimwona Miwani akifuta miwani yake kwa pindo la sweta, na moyo ukamchoma.

Asubuhi, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, alimwomba mama ampeleke kwa fundi wa kujalidi vitabu.

Karakana ya fundi ilinuka gundi na karatasi za zamani. Vitabu vilikuwa vimebanwa katikati ya mbao kwa vyuma vya kukazwa, kimoja juu ya kingine. Fundi alikitoa kitabu cha tisa kwa kusitasita kama mtu anayeazimisha mtoto mchanga.

"Usikipanue sana, binti. Gundi bado mbichi. Kikipasuka utakijalidi wewe."

Profesa alisoma akiwa amesimama, kitabu kimefunguka nusu, shingo imepinda. Ukurasa alioutafuta ulikuwa karibu na katikati. Maji yanapanda kituoni, abiria wanamvuta tabibu kwa koti, naye anawasukumia sanduku la dawa mikononi. "Nendeni nalo," anasema. "Huko mbele kuna wagonjwa wengi. Huku kuna mmoja, na huyu hawezi kusubiri." Treni inaondoka, na taa ya tabibu inaonekana dirishani mwa kituo mpaka mvua inaificha.

Machozi yalimlengalenga. Mtu ameacha treni ya mwisho kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, halafu anakuja mwingine aliyeishia kitabu cha sita, anamwita mwizi na kupewa nyota! Profesa alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika, na aliyemkasirikia alikuwa yeye mwenyewe. Alimwomba mama simu, akaupiga picha ukurasa ule.

Jumatatu, kabla kipindi cha kwanza hakijaanza, alikwenda mbele ya darasa na kumwomba mwalimu wa maktaba aje asikie. Hakuruka kitu. Alisema alikuwa hajasoma kitabu cha tisa siku alipojibu. Alisema Kamusi ilimnukuu yeye, na yeye akainukuu Kamusi. "Miwani alisema kweli. Nafasi ni yake."

"Aa, makelele yote haya ya nini?" kiranja aliguna. "Si hadithi tu?"

Profesa alimgeukia macho makavu. "Tabibu ni wa hadithi, ndiyo. Miwani naye ni wa hadithi? Tulimzomea mtu aliyesema kweli, na wewe ndiye uliyeanza!"

Kiranja akatazama daftari lake. Mwalimu aliinua mkono. "Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nilikuwa na mtoto aliyesoma kitabu mbele yangu, nikaamini watu nisiowajua. Miwani, nisamehe. Nafasi ni yako, na swali hilo tumelisahihisha."

Profesa alimfuata Miwani kwenye ngazi za maktaba wakati wa mapumziko. "Nisamehe na mimi."

Miwani hakutabasamu haraka. "Ungeniuliza tu," alisema. "Ningekusimulia ukurasa mzima." Kisha akafunga kitabu cha kumi alichokuwa akikimalizia, akasogea pembeni na kumwachia nafasi ya kukaa.

Profesa alidhani mambo yamekwisha. Alasiri aliingia Ukumbini, na kwa haraka akaandika bila kuweka jina lake kwamba tabibu hakuwa mwizi, na kwamba jibu la zamani halikuwa sahihi. Hazikupita dakika nyingi, majibu yakaanza kumiminika.

"Umekosea, ndugu. Soma Kamusi ya Mashabiki."

"Acha kupotosha watu. Swali hili lilishajibiwa."

Na mmoja, mwenye hasira kuliko wote: "Unajifanya unajua kuliko Profesa?"

"Mimi ndiye Profesa!" alipiga kelele mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani kompyuta imelipuka. Aliposoma, alicheka hadi akashika meza. Profesa hakuona cha kuchekesha.

"Mama, hawanisikii! Uongo wangu wanauamini, ukweli wangu hawautaki!"

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, lakini sakafu inapigwa deki." Mama alivuta kiti, akakunjua ramani moja juu ya meza. "Unaona nukta hii? Ni jiwe la mpaka. Limezikwa ardhini, na kila kiwanja hupimwa kuanzia hapo. Kuna wapimaji wavivu. Wakifika, wanaona uvivu kulitafuta jiwe kwenye majani, wanapima kutoka ua wa jirani. Na jirani naye alipima kutoka ua wa huyu. Basi watakubaliana vizuri kabisa, nyua zimenyooka, kumbe wote wawili wamo barabarani."

Profesa aliitazama nukta ile.

"Watu wengi kukubaliana siyo ushahidi," mama aliendelea. "Uliza kwanza wa kwanza wao alisimama wapi. Ukurasa wa mashabiki si mbaya. Unaweza kukuonyesha jiwe liko upande gani. Lakini ukishaonyeshwa, nenda ulikanyage mwenyewe. Kama hujafika, sema hujafika. Hilo halijamwaibisha mtu bado. Kinachoaibisha ni kumwonyesha mwenzako njia usiyoipita."

Profesa alirudi kwenye kompyuta. Alilifuta jibu lake la zamani pamoja na nyota zake zote. Akaweka picha ya ukurasa, akataja kitabu na namba ya ukurasa, akaeleza bila kujipendelea jinsi uongo ule ulivyozaliwa. Kisha akaingia kwenye Kamusi, akairekebisha sentensi, na kinambari cha buluu akakielekeza kwenye kitabu chenyewe. Wabishi walinyamaza mmoja mmoja. Yule mwenye hasira aliandika, "Kumbe!" akaenda zake.

Kabla hajazima, swali jipya lilitokea. Mtoto fulani alitaka kujua: mwisho wa kitabu cha kumi, tabibu anaonekana tena?

Vidole vya Profesa vilikwishafika kwenye herufi. Jibu zuri lilikuwa tayari kichwani, tena tamu. Akaliacha likae huko huko, akaandika: "Sijui. Sijakisoma bado. Kuna rafiki yangu amekisoma, kesho nitamwomba aniazime."