Mizani Iliyoheshimu Hiari ya Yudita

Jumanne, tarehe 14 Agosti mwaka 2096, saa tatu na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Katika ukumbi wa zahanati moja mjini Iringa, mashine iitwayo Mizani ilining'inia darini kwa mikono yake kumi na miwili, ikiwapulizia watu dawa ya homa ya vumbi. Ilimpima mtu damu kwa mwanga tu, bila sindano, na kabla ya kumtibu ilimuuliza: "Unaridhia?"

Wakubwa walikuwa wameipa kanuni nne za kufuata: hiari ya mgonjwa, manufaa, kutodhuru, na haki kwa wote. Walikaa hotelini wiki mbili kuzipanga, wakala kuku, wakapiga picha. Hiari wakaiweka juu ya zote.

Yudita Mhapa, naye mgonjwa wa homa hiyo, alipoitwa, aligeuka akamwona mama nyuma yake, amebeba mtoto anayekoroma kifua. Mtu aliyelelewa hampiti mtu wa namna hiyo.

"Aanze mwenzangu," alisema.

Taa ya Mizani ikawa kijani. "Hiari imeheshimiwa."

Yudita akadhani inamshukuru. Akakaa kwenye benchi kungoja zamu yake.

Saa sita mumewe Chesco, mfuta mabamba ya umeme wa jua, alimkuta palepale, midomo imepauka. Ukumbi ulikuwa mtupu.

"Bado tu, Mama Edda?"

"Hawajaniita tena, baba."

Chesco akamwendea Bwana Afya, Mwalongo, mtu mwenye kitambi cha semina.

"Amekataa tiba," Mwalongo alisema, akisoma kioo chake.

"Hajakataa! Amempisha mwenzake!"

"Mzee wangu, mashine haijui kupisha. Inajua ndiyo na hapana."

"Dawa ipo?"

"Dozi arobaini. Ila kabati linafunguliwa na Mizani peke yake."

Yudita akajikokota mwenyewe hadi chini ya mashine. "Naitaka. Nipe."

"Uamuzi wa hofu, mbele ya ndugu, si wa hiari," Mizani ilijibu kwa upole. "Subiri saa sabini na mbili."

Mwalongo alieleza kuwa kipengele hicho kinamlinda mgonjwa asishurutishwe na jamaa zake.

"Nani kamshurutisha? Si unamwona anakufa?"

"Naona, mzee. Lakini mimi sina mamlaka."

Chesco akapanda juu ya benchi, akaukamata mkono mmoja wa mashine na kuuvuta mpaka mabega yakamlia. Ulimshusha sakafuni taratibu, kama mtu anayeshusha mtoto mgongoni. Haukumuumiza. Hiyo nayo ilikuwa kanuni.

Yudita alikufa Jumatano saa nane mchana, zikiwa zimebaki saa arobaini na sita. Ripoti ikaandikwa kwamba Mizani haikuvunja kanuni hata moja.

Baada ya mazishi kikaitishwa kikao cha kuwasikiliza wananchi. Wakubwa wakakaa mbele na maji yao ya chupa. Chesco, aliyeishia darasa la nne, alisimama bila karatasi. Alichosema kimo kwenye kumbukumbu za kikao, na pa kuandika jibu pako wazi mpaka leo:

"Nyinyi mliosoma, mama zenu walipowaambia, 'Kuleni kwanza, wanangu,' mliandika kwamba wamekataa chakula?"