Kishikwambi Kilichofungwa kwa Gome la Mgomba

Mama Kornelia ni katibu wa kikundi chetu cha wafugaji. Huku mlimani ng'ombe hawachungwi. Wanakaa bandani, wanaletewa majani. Basi kuwahesabu ni kupanda na kushuka, kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia. Mama Kornelia alihesabu wiki mbili. Kila ng'ombe alimwandika kwenye kishikwambi cha bei nafuu alichokabidhiwa na Gladness, afisa mifugo wa kata. Kilikuwa na kioo juu na kibodi ya kuandikia chini, kama kitabu kilichofunuliwa.

Orodha ilitakiwa kufika Moshi mjini siku ya Ijumaa, kabla ya saa nane mchana. Ugonjwa wa mapele ngozi ulikuwa umeshaingia kijiji cha jirani. Bila orodha, chanjo isingeletwa kwetu.

Ijumaa asubuhi Mama Kornelia alikamua, akanawa mikono, akakaa mezani. Akaona vumbi kati ya kioo na kibodi. Akashika kioo, akavuta ili apanguse vizuri.

Ta! Kioo kikabaki mkononi. Kibodi ikabaki mezani.

"Yeleuwi!"

Mume wake, Rogath, akatoka bandani mbio na panga. "Nyoka yuko wapi?"

"Afadhali angekuwa nyoka! Nimevunja mali ya serikali!"

Rogath akatazama. Akakalia ndoo. "Na ng'ombe wote wamo humo?"

"Sitini na watatu wamo, amebaki ndama wetu tu. Na kioo kimezimika!"

Rogath akaenda kwenye migomba, akachuna gome kavu, akalichana kamba. Kwetu gome la mgomba linafunga kila kitu, kuanzia mzigo wa majani hadi mlango wa banda. Akaweka kioo juu ya kibodi, akafunga mara tatu, akakaza kwa goti.

"Peleka hivyo hivyo. Ila usiende mikono mitupu."

Akamkatia jani la sale, mmea unaopandwa mpakani mwa kihamba. Kwetu, anayeomba msamaha hubeba sale, na anayepelekewa hakatai.

Gladness alipomwona mama mtu mzima mlangoni pa ofisi yake na sale, aliruka kutoka kwenye kiti.

"Shikamoo mama! Sale kwangu mimi, mtoto wako? Umenikosea nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekivunja. Kimekatika vipande viwili."

Gladness akafungua kamba, akakagua pande zote. Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Mama, hakijakatika! Kimetengenezwa hivi, kinatenganishwa. Kosa ni langu, sikukuonyesha. Na hakijazimika, kimelala tu. Bonyeza kitufe hiki cha pembeni."

Kioo kikawaka. Ng'ombe wote walikuwepo. Mama Kornelia akashika mdomo.

"Mbona wamo, na kibodi iko kule?"

"Kibodi ni ya kuandikia tu. Kumbukumbu zinakaa ndani ya kioo. Hata bila kibodi unaandika. Gusa hapa. Unaona herufi zinatokea?"

"Yesu wangu!"

"Haya, tumalizie. Nani amebaki?"

"Ndama wangu mwenyewe. Nilimweka wa mwisho."

Wakarudisha kibodi. Mama Kornelia akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Si nilikwambia! Nimekiua!"

Gladness akakigeuza. Sehemu ya kuunganishia ina vidoti vidogo vya shaba. Chembe za gome zilikuwa zimeviziba. Akavipangusa kwa kitambaa kikavu.

"Usitumie maji hapa, wala gundi, wala kamba za baba. Ukitaka kutenganisha, shika kibodi kwa mkono mmoja na kioo kwa mwingine. Vuta moja kwa moja, usipinde. Ukirudisha, panga vidoti na vidoti, sumaku itavuta yenyewe. Sasa fanya wewe."

Mara ya kwanza Mama Kornelia alifumba macho. Mara ya tatu alifanya huku anaongea. Akaandika ndama wake, wa sitini na nne. Orodha ikatumwa saa nane kasoro dakika tano.

Jumatano Gladness alileta chanjo za ng'ombe sitini na wanne. Mama Kornelia alizunguka naye banda kwa banda, ameshika kioo peke yake. Kibodi aliiacha nyumbani. Kila sindano ikiingia, aligusa jina kwa kidole.

Chupa ilikuwa karibu tupu walipofika kwake. Rogath akamshika ndama masikio. Ndama akapiga teke, akatulia, akaendelea kula majani.

"Umeshamwandika?" Rogath akauliza.

"Mwachie. Nimemaliza."