Marundo Kwenye Mkanda wa Moto

Gari lilizimika katikati ya bustani ya umma, moshi ukiwa umeziba njia mbele na nyuma. Dereva alizungusha ufunguo mara tatu. Injini ilikohoa, ikanyamaza.

"Shukeni," alisema Mama Reki.

Alikuwa mfyekaji wa bustani hiyo kwa miaka kumi na tisa, na dereva alikuwa mume wa binti yake. Wa tatu alikuwa Meneja wa bustani. Ndiye aliyeshikilia waje kuutazama moto kwa karibu, akidai mkanda utauzuia.

Mkanda wa moto ni ukanda mpana unaofyekwa hadi udongo ubaki wazi, ili moto ukifika ukose cha kula. Walikuwa wameufyeka vizuri. Kisha Mama Reki akaomba trekta la kusomba matawi yaliyokatwa bustani nzima, naye Meneja akajibu kwamba wageni wanakuja kupiga picha, takataka zisionekane kando ya njia. Zisukumwe mkandani, huko hapiti mtu. Zikasukumwa. Zikakauka. Sasa moto ulikuwa ukivuka juu ya marundo hayo kama mgeni aliyetandikiwa zulia hadi mlangoni.

Walikimbia, cheche zikiwaangukia mabegani. Meneja alishika njia ya bondeni iendayo getini. Mama Reki akamvuta kwa kola. Bondeni kulikuwa na nyasi kavu za kufika kifuani, ambazo Meneja mwenyewe alikataza zisiguswe kwa kuwa zinapendeza.

"Tunakwenda kwenye tangi la maji," alisema Mama Reki.

"Kuna nini huko?" aliuliza Meneja.

"Udongo mtupu."

Meneja aligeuka, akamfuata. Alipajua. Mama Reki alikuwa amepalilia kulizunguka tangi lile kwa jembe, hatua thelathini kila upande, akapogoa matawi ya chini ya miti ya jirani na kuyaondoa yote kwa toroli. Ofisi ilimpa barua ya onyo: kuharibu mandhari.

Dereva alijikwaa kwenye kisiki, kifundo cha mguu kikateguka. Alisita kumshika mama mkwe wake.

"Niegemee, baba. Aibu zetu tutazikuta nyumbani."

Alimkokota hadi tangini. Walifungua bomba, wakaloweka koti la Meneja, wakalala kifudifudi, vichwa vitatu chini ya koti moja. Moto ulikuja ukinguruma. Rangi ya tangi ilibabuka, ikadondoka vipande vipande. Dereva alilia kwa sauti. Mama Reki alihisi nywele za mikono zikiungua, na kwa hasira alihesabu marundo yote moja baada ya jingine, hadi joto likapungua. Moto ulikuwa umegawanyika, ukapita pembeni.

Zimamoto waliwakuta wamekaa, nyuso nyeusi, wakinywa maji kwa viganja. Mkuu wao alitazama duara la udongo katikati ya majivu.

"Nani alifyeka hapa?"

Meneja alifungua mdomo.

"Usithubutu kusema 'sisi'," alisema Mama Reki.

Meneja alimnyooshea Mama Reki mkono. "Ni yeye. Na marundo ya kule mkandani, niliagiza mimi."

Wiki iliyofuata trekta lilikuja. Meneja alipakia matawi tangu asubuhi, viganja vikamtoka malengelenge. Mama Reki hakumsamehe. Kila Meneja alipoinuka kunyoosha mgongo, yeye alimwonyesha kwa reki tawi aliloliacha nyuma.