Ukoo wa Viazi

Katungu alishuka shambani kwake Masereka, jembe begani. Nyanya zake zilikuwa zimenyauka, majani yakiwa bado mabichi. Msimu uliopita viazi vilikufa vivyo hivyo.

"Hii udongo imekufa," alisema Siméon, mumewe, aliyemfuata nyuma. "Miye naenda Manguredjipa kuchimba zahabu."

"Na batoto? Niko nabo peke yangu?"

Siméon aligeuka kurudi nyumbani. Katungu aliumia sana. Si alibadilisha zao, kama wakulima wanavyoshauriwa? Kosa lilikuwa wapi?

Akamwita Nadège, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, wa ushirika wao. Nadège alikata shina la mnyanya, akalitumbukiza katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka taratibu.

"Ni mnyauko," alisema. "Huu uzi ni vijidudu vyake, vinabakia ndani ya udongo. Viazi vilikufa, kisha ukavipa vijidudu vile ndugu ya kiazi. Kiazi na nyanya ni bandugu, mama."

"Bandugu namna gani? Moja inazaa chini, ingine juu!"

Nadège alicheka. "Kijana wako akitaka kuoa, munaangalia sura ya binti?"

"Hapana! Tunauliza kwanza ukoo. Batu banaweza kukosa kufanana, lakini babu yabo iko mumoja."

"Ndiyo vile. Zamani sana kiazi, nyanya na mbilingani zilitoka kwa babu mumoja, kisha zikaachana polepole. Angalia maua yabo, zinafanana. Ugonjwa yenye kuua mumoja, mara mingi inaua na ndugu yake."

"Basi nipande nini?"

"Mahindi, na poireau, ile mboga ya kufanana na kitunguu. Ile ni ukoo ingine. Ungojee misimu kazaa, ung'oe kila kiazi yenye kujiotea. Kisha utafute mbegu safi."

Siméon alikubali kungoja, shingo upande. Wakapanda mahindi, kisha poireau. Siku moja Siméon akarudi kutoka soko la Butembo na miche ya pilipili. Hakuna aliyekuwa amemwambia Katungu lolote kuhusu pilipili. Katungu akaenda kwa jirani aliyekuwa na pilipili, akaangalia ua la mmea, akarudi mbio.

"Usipande pale shambani! Pilipili ni ya ukoo ule ule."

"Nadège alikuambia?"

"Hapana. Niliangalia ua, inafanana na ile ya nyanya."

Nadège alipopita alithibitisha. Miche ikapandwa mbali, nyuma ya nyumba.

Mwishowe viazi vilirudi shambani, vikabaki kijani mpaka vikakomaa. Siméon alichimbua cha kwanza, kikubwa na kigumu, akakifuta udongo kwa kidole.

"Manguredjipa bataenda bengine," alisema, akainua jembe tena.