Dakika Ishirini za Sufuria

Kila Jumamosi, kabla jua la Makanya halijaanza kuchoma, Devotha alikuwa ameshamaliza kazi ambazo msichana mwingine wa darasa la sita angezilalamikia mpaka mchana. Alifagia uwanja wa zahanati, akapanga mabenchi barazani, akajaza ndoo ya kunawia mikono, kisha akawasha jiko la mchina, lile la mafuta ya taa. Juu yake aliteleka sufuria lenye mabomba ya sindano ya kioo, yamefungwa kwenye kitambaa safi.

Zahanati ilikuwa ya shangazi yake, Rogathe. Mama huyo alikuwa ametibu watu serikalini kwa miaka ishirini na minne, na miaka ya mwisho alichoka kuwaambia wagonjwa neno moja tu: hakuna. Dawa hakuna, pamba hakuna, hata karatasi ya kuandikia hakuna. Serikali iliporuhusu tena watu binafsi kufungua zahanati, alistaafu, akakodi nyumba ya vyumba vitatu karibu na stesheni ya reli, akamteremsha Devotha kutoka kwao Vudee, huko milimani, aje kusoma na kumsaidia.

Na Rogathe alikuwa na masharti, jamani! Dawa inayokaribia kuisha muda ikae mbele ya rafu. Bahasha iandikwe jina la mgonjwa kabla vidonge havijaingia. Kila aliyetibiwa aandikwe kwenye rejesta pamoja na mahali anapokaa, hata kama amekuja kuoshwa kidonda tu. Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa la sufuria: maji yakianza kutokota, tazama saa ya ukutani, ngoja dakika ishirini kamili, halafu andika kwenye daftari saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

"Shangazi, maji yakitokota si wadudu wameshakufa?" Devotha aliwahi kuuliza.

"Wengine hufa. Wengine ni wagumu," Rogathe alijibu. "Mimi siwaoni, na wewe huwaoni. Ndiyo maana tunangoja."

Wiki za kwanza Devotha alingoja kweli. Maji ya Makanya yana chumvi, hivyo kila alipoipua, sufuria lilibaki na ukoko mweupe pembeni, naye akaukwangua kwa kijiko. Lakini kungoja kunachosha, na mafuta ya taa wakati ule yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Jumamosi moja jiko lilizimika maji yakiwa yametokota kidogo tu. Devotha akaitazama saa, akaitazama foleni, akaandika dakika ishirini. Hakuna kilichotokea. Jumamosi iliyofuata mafuta yalikuwepo, na jiko liliwaka vizuri, lakini aliipua mapema vilevile. Uvivu ndivyo ulivyo, usipokemewa siku ya kwanza unajifanya mwenyeji.

Jumamosi ya tatu alikuja Ikupa, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Baba yake, Majaliwa, alikuwa ametoka Mbeya kuja kuchimba jasi pale Makanya, na tangu mkewe afariki hakuwa na mtu mwingine ila binti huyo. Ikupa alikuwa na kichomi. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, lakini mdomo wake ulikuwa haujaugua.

"Daktari Devotha!" alimtania kutoka kwenye benchi. "Usije ukanichoma wewe, mkono wako mzito."

"Nyamaza, mgonjwa. Leo utalia mpaka stesheni wasikie."

Wakacheka. Ndani, Rogathe akaita, "Devotha! Mabomba tayari?"

Saa ilionyesha saa mbili na nusu. Maji yalikuwa yametokota kwa dakika saba. Devotha akazima jiko.

"Tayari, shangazi!"

Akaandika haraka: saa mbili na dakika kumi mpaka saa mbili na nusu. Rogathe alitoka kuchukua sufuria, akalichungulia ndani, akasita kidogo. Kisha akalisoma daftari, akaridhika, akaingia na sufuria ndani.

Siku hiyo walichomwa sindano watu tisa.

Jumatatu Ikupa hakuonekana shuleni, na Jumanne vilevile. Alhamisi mchana Majaliwa alifika zahanati akiikokota baiskeli, Ikupa kalala ubavu kwenye kiti cha nyuma, kafungwa kwa kanga asianguke. Devotha alikuwa ametoka tu shuleni. Alimwamkia Majaliwa, shikamoo yake ikaanguka chini bila kuitikiwa.

Kikohozi kilikuwa kimepungua. Lakini pale palipoingia sindano palikuwa pamevimba kama ngumi ya mtu mzima, pekundu, pa moto, na mguu mzima haukunyooka. Ikupa hakumtania mtu. Rogathe alipomgusa alipiga ukelele ambao Devotha hakuwahi kuusikia kwa binadamu.

"Ni jipu la sindano," Rogathe alisema. "Limeingia ndani sana. Apelekwe hospitali Same sasa hivi, akapasuliwe."

"Tabibu," Majaliwa alisema taratibu, na afadhali angepiga kelele. "Mtoto nilikuletea anakohoa. Lakini alikuja kwa miguu yake."

Rogathe aliandika barua ya hospitali, akasimamisha lori la jasi barabarani, akamsaidia baba kumpandisha mtoto. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye daftari la kuchemshia. Akalifunua, akalipitia mstari kwa mstari. Dakika ishirini, dakika ishirini, dakika ishirini.

"Basi ni dawa," alijisemea. "Wameniuzia dawa mbovu."

Akateremsha kasha zima la penisilini, akalifungia kabatini. Hata hajatia ufunguo mfukoni, mama mmoja kutoka njia ya milimani akaingia na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi.

"Sindano hakuna, mama," Rogathe alisema. "Jaribu kuwahi Same."

"Hakuna? Lori limeshaondoka, tabibu. Nitawahi vipi?"

Devotha alisimama mlangoni. Aliwaza atakavyorudishwa Vudee na aibu yake, na shule nzima itakavyojua. Akamtazama yule mtoto. Akawaza na wale wengine wanane, ambao huenda saa ile wanajikanda maji moto wakidhani ni maumivu ya kawaida. Akapiga moyo konde.

"Shangazi, dawa si mbovu."

"Unasemaje?"

"Sikungoja. Jumamosi nilingoja dakika saba tu. Nilidanganya kwenye daftari."

Rogathe akamgeukia. "Mara ngapi?"

"Tatu."

Devotha alingoja kofi. Halikuja. Rogathe alikaa kwenye benchi la wagonjwa na kujishika kichwa.

"Sufuria lile halikuwa na ukoko," alisema. "Niliona kwa macho yangu kwamba halina ukoko. Nikaacha kuamini macho, nikaamini mwandiko mzuri." Kisha akainuka kwa nguvu. "Washa jiko. Mama, kaa, mtoto wako atatibiwa hapa hapa."

Safari hii Rogathe alisimama mwenyewe mbele ya saa, na dakika ishirini hazikuwahi kuwa ndefu namna ile. Mtoto alichomwa sindano, akapewa kitanda, Rogathe akibaki karibu naye.

Hata alasiri haijaisha, mtoto akaanza kunyonya. Rogathe alimwachia mama wa mtoto dawa ya kuendelea, akafungua rejesta. Jumamosi tatu zilikuwa na watu ishirini na wanne waliochomwa sindano, wote na majina na mahali wanapokaa. Jioni ile na asubuhi iliyofuata aliwazungukia mmoja mmoja, Devotha nyuma yake, na kila mlango waliobisha Rogathe alisema, "Sema wewe." Naye Devotha alisema. Kuna mzee aliyemsikiliza na kumpa pole. Kuna mama aliyemfukuza uani kama mbwa. Waliwakuta wawili wameanza kuvimba, na kwa kuwa walipatikana mapema, wakapona kwa dawa bila kupasuliwa.

Ijumaa hiyo hiyo Rogathe alikwenda mwenyewe Same kutoa taarifa ofisi ya afya ya wilaya. Zahanati ikafungwa mwezi mzima.

Ikupa alikaa hospitali wiki tano. Jipu lilipona, lakini lilikuwa limekula nyama ya ndani. Alirudi Makanya akichechemea, na daktari alimwambia baba yake wazi kwamba atachechemea maisha yake yote. Devotha alikwenda kumwomba radhi. Ikupa aligeukia ukutani.

Zahanati ilipofunguliwa tena, wagonjwa walikuja wachache, wengine shingo upande. Rogathe aliitoa saa mahali ilipokuwa, akaitundika mbele ya mabenchi. Kisha akamwita Devotha.

"Ulipokiri, watu wawili walinusurika kisu, na yule mtoto mchanga yuko hai. Hilo sitalisahau," alisema. "Lakini mguu wa Ikupa haurudi, na hilo wewe usilisahau. Anayelala kwenye kitanda changu haoni nilichokifanya nyuma ya pazia. Ananiamini tu. Ukifanya kazi ya watu, fanya ile sehemu wasiyoiona kama vile wanaiona. Na usiandike kitu ambacho hukukifanya, hata siku moja."

Jumamosi moja Majaliwa alimleta Ikupa, homa ya kichomi imerudi. Devotha aliteleka sufuria. Ikupa alichechemea mpaka kwenye benchi la mbele, akakaa akiitazama saa. Hakuita mtu daktari. Maji yalitokota. Dakika saba zikapita, zikapita kumi, zikapita kumi na tano. Mvuke ulipanda, ukoko mweupe ukaanza kushika pembeni.

Mshale ulipofika dakika ya ishirini, Ikupa alivuta pumzi.

"Sasa andika," alisema.

Devotha akaandika.