Kosa la Kumi na Moja

Soko la Malindi lilikuwa limefurika watu Jumamosi hiyo, lakini Kabibi alisimama pale pale njiani, kapu mkononi. Juu ya ngazi, mwanamume mwenye shati lililotapakaa rangi alikuwa akiandika ukutani mwa duka: VITABU VYA FASIHA NA ADHABU.

"Kaka, hapa wanauza viboko?"

"Wanauza vitabu, dada."

"Basi andika fasihi na adabu. Adhabu utapewa na mwenye duka akirudi."

Mwandishi huyo wa mabango, Dzombo, alishuka akicheka. Alimtazama Kabibi, mwalimu wa Kiswahili, gauni lake la kitenge limenyooka kama rula, akamwomba namba ya simu.

Wakapendana. Miezi mitatu simu haikupoa.

"Wewe ndiye muhusika mkuu wa maisha yangu," Dzombo alimwandikia siku moja.

Kabibi akampigia. "Mhusika, mpenzi. Hakuna u."

"Na mapenzi yapo?"

"Yapo, tena umeyaandika vizuri."

Dzombo alicheka, ingawa kila mara kicheko kilipungua kidogo.

Kisha akaleta barua ya mkono, kurasa mbili. Ilimkuta Kabibi amechoka, insha arubaini mezani, kalamu nyekundu kidoleni. Aya ya kwanza tu, Dzombo alisifu "adhabu njema uliyofunzwa kwenu." Kabibi alifumba macho. Alizungushia makosa kumi na moja, akaipiga picha, akamtumia: *Rudia.*

Jioni simu ikaita.

"Umenisahihisha, Kabibi."

"Ulikuwa mzaha. Lakini adhabu, Dzombo? Nikueleze mara ngapi?"

"Sasa naogopa hata kuandika ukutani." Akakata.

Wiki mbili hakupokea simu. Kabibi alimlalamikia Everlyne, mwalimu mwenzake, akamwonyesha ile picha. Everlyne alisoma hadi chini, akamkazia macho.

"Kosa la kumi na moja ni lipi?"

"Ameandika Tezo, kijiji chetu, kwa herufi ndogo. Hiyo ni tezo ya seremala, ya kuchongea mbao."

"Sentensi nzima uliisoma?"

Kabibi akaisoma. *Nataka kuja kwenu tezo kukuposa.* Aliketi, akajishika kichwa.

Kesho yake alimkuta Dzombo mjini Kilifi, juu ya ngazi, akipaka rangi ukuta wa kinyozi. Hakugeuka.

"Umekuja na kalamu?"

"Sikuja nayo. Sikiliza, Dzombo. Wewe hutaacha kukosea, nami sitaacha kuona. Hata mimi inanichosha. Lakini barua yako niliisahihisha kabla ya kuisoma. Jana ndipo nilipoisoma."

Brashi ikasimama ukutani. "Na jibu?"

"Ndiyo. Njoo Jumapili. Ila kwa baba useme kwa mdomo, usimwandikie. Amefundisha Kiswahili miaka thelathini."

Dzombo alishuka, akaketi kwenye kidato cha chini cha ngazi.

"Kumbe mko wawili," akasema, akasogea kumpa nafasi aketi.